Kamba za Mama Kine

Mtaa wetu wote wa Murara ulimwita Mama Kine, na jina hilo hakulipenda. Kine ni mtu anayenyoosha viungo vya waliovunjika. Yeye alisomea kitu kingine, chenye jina refu la Kifaransa, ergoterapi, ambalo sikuwahi kulisikia Goma nje ya uzio wake. "Mie siko kine," alikuwa akisema. "Kine anakusimamisha. Mie nakufundisha kazi ya kufanya ukishasimama." Mtu akimwuliza ni kazi gani hiyo, alijibu kwa mikono: alishika kijiko kisichokuwepo, akafunga vifungo vya shati lisilokuwepo, akamtawaza mtoto asiyekuwepo. Watu walicheka na kuendelea kumwita Mama Kine. Mimi pia nitamwita hivyo. Jina lake la ubatizo nililisikia mara moja tu, likisomwa kanisani, nikageuka kutazama ni nani huyo.

Alikuwa mfupi, mpana wa mabega, na alivaa buti za mvua hata kwenye jua kali, kwa sababu uwanja wake ulikuwa mawe matupu ya volkano na watoto aliowahudumia walikanyaga watu bila kutazama. Mfukoni alikuwa na karanga za kukaanga. Alizitafuna akifikiri, na akiacha kutafuna ujue umesema ujinga.

Nilimfikia kwa sababu ya mdogo wangu, Aline. Mama yetu alipokufa, baba akiwa ametangulia, mimi nilikuwa na miaka kumi na sita na Aline minne. Ndugu yetu wa katikati alichukuliwa na mjomba kule Butembo. Aline hakuna aliyemtaka. Hakusema, hakumtazama mtu usoni, usingizi wake ulikuwa wa kuku, na alipenda maji kupita kiasi. Ukigeuka tu ameshatoka, ameshuka barabara yote mpaka ziwani. Wavuvi wa Kituku walinirudishia mara mbili, mara ya pili amelowa hadi shingoni. Basi niliacha shule, nikakalia cherahani ya mama, na mguu wa Aline nikaufunga kwa kamba kwenye mguu wa cherahani hiyo. Tuliishi hivyo miaka mitatu. Sikuwa na mwingine wa kumwachia, na bila kushona tusingekula.

Kanisani walimwombea siku tatu bila chakula; alirudi amekonda na anakimbia kuliko mwanzo. Hospitalini daktari kijana aliandika neno otisme, yaani usonji, kwenye karatasi, akanikabidhi.

"Na dawa yake, docteur?"

"Dawa haiko, mama. Kuko mazoezi. Na batu ba ile mazoezi bako Kinshasa, bako Kigali."

Nilikuwa nimeshafika mlangoni aliponiita tena. "Kuko mama moja pale kwenu Murara. Lakini analipisha. Na ni mukali."

Siku ya kwanza Mama Kine alitupokea amesimama katikati ya uwanja, buti mguuni, akitafuna.

"Umekuja na nini?"

"Na mutoto, mama."

"Mutoto namuona. Nauliza makuta."

Nilimwambia pesa sina, ninashona tu na mwezi ulikuwa mbaya, nikaanza kueleza habari za wazazi wetu. Aliacha kutafuna. Aliinama akaangalia kifundo cha mguu wa Aline, mahali ngozi ilipokuwa imekuwa nyeusi na ngumu kama kisigino.

"Hii haikuchorwa na malaika," alisema. "Kesho ulete makuta kidogo, hata kama ni ya kilo moja ya makala ya kupikia. Na ulete ile kamba. Vyote viwili. Kimoja kikikosa, usigonge kwangu."

Wengi walimsema kwa hilo la malipo. Walisema anakula machozi ya wenye shida. Ni kweli kwamba hakuwahi kumhudumia mtoto hata mmoja bure. Alipokea mkaa, ndizi, sabuni, na kwangu alipokea ushonaji, lakini lazima kitu kipite mkononi kabla mtoto hajavuka uzio. Mimi pia nilimsema, mpaka siku aliponieleza. Zamani alifanya kazi katika mradi wa wageni, na watoto wote walihudumiwa bure. Mradi uliisha Ijumaa. Jumatatu mama zao walikuta mlango umefungwa. Kulikuwa na mtoto mmoja aliyekuwa ameanza kuinua kikombe mwenyewe, bado hakijafika mdomoni. "Alibakia na mukono hewani," alisema Mama Kine, na akauinua wake kunionyesha, hapo hapo kati ya tumbo na kidevu. "Bure ilikuwa ya wale wageni. Walienda nayo. Sasa mie nataka kazi ambayo hata nikiachwa peke yangu itanilisha, ili kesho nifungue mulango."

Kamba zetu alizifanyia nini? Alizisuka. Pembeni mwa uwanja, kwenye mbao mbili alizochimbia kati ya mawe, ilining'inia bembea pana kama kitanda, na yote ilikuwa imesukwa kwa kamba zilizowafunga watoto wa Goma. Kulikuwa na katani, nailoni, vipande vya kitenge, waya wa umeme, mshipi wa suruali ya baba wa mtu. Watoto walilala ndani yake, ikawabana pande zote, akawasukuma polepole, na wale waliolia tangu asubuhi walinyamaza. Kamba yangu ilikuwa ya kijani. Niliweza kuiona kila nilipofika, upande wa miguuni. Kitu kimoja tu hakuweza kukisuka, nacho kilitundikwa kwenye msumari ukutani: mnyororo wa mbwa. Sikuuliza ulitoka kwa nani.

Nilipokuwa nikingojea amfundishe Aline kula, alianza na jambo lililonichoma moyo. Alichukua kipande cha kamba, akakizungusha kwenye kiuno cha Aline, akafunga fundo jepesi, la kuvuta ncha moja tu. Kisha akashika vidole vya Aline na kuvivutisha ile ncha. Fundo likafunguka. Akafunga tena. Wakavuta tena. Ilikuwa hivyo wiki nzima, kisha ya pili.

"Mama Kine," nilimwambia siku moja, "nalipa ili mutoto akae. Weye unamufundisha kutoroka."

"Namufundisha mikono."

"Kuna mikono ya kijiko."

"Kijiko ni cha kesho. Weye ukifungwa, utajifunza kwanza kula ao kufungua kamba?"

Jirani yake, fundi wa chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, alikuwa akisikiliza juu ya ukuta wa mawe. Alicheka mpaka akashika mbavu. "Mama Kine! Unafundisha wazimu namna ya kutoroka!"

"Na weye," akamjibu bila kugeuka, "bibi yako alijifunza kwa nani?"

Kweli mke wa fundi alikuwa amemkimbia mwaka ule. Kichwa cha fundi kilishuka nyuma ya ukuta kama jua.

Siku Aline alipolifungua fundo peke yake, Mama Kine alipiga kelele kama mtu aliyeshinda kesi. Baadaye nilielewa. Vidole vilivyojua kuvuta ncha vilijua pia kuvuta kifungo, na kuvuta ganda la ndizi, na mwishoni kushika kijiko. Koti zito pia nililielewa baadaye. Alinituma nishone koti lenye mifuko kumi na miwili, akajaza kila mfuko kokoto nyeusi za volkano, akamvika Aline, na kwa mara ya kwanza tangu mama afe nilimwona mdogo wangu ameketi bila kutikisika. "Alikuwa hajui mwili wake unaishia wapi," Mama Kine alisema. "Sasa majiwe yanamuambia." Tangu hapo malipo yangu yakawa makoti. Niliyashona ya kila kimo, na mpaka leo nikiona kokoto barabarani huwa nazipima kwa macho kama zitaingia mfukoni.

Sitaki mtu afikiri alikuwa mpole. Alihubiri uvumilivu kutwa nzima na yeye mwenyewe hakuweza kungojea chai ipoe. Aliwakataza akina mama kuwalazimisha watoto kula, lakini sisi alitulazimisha: ukifika umekonda, alikupa ugali na sambaza, dagaa wa ziwani, na kusimama mbele yako mpaka sahani iwe tupu. Hakupenda kuguswa. Kanisani alikaa benchi la mwisho, karibu na mlango, na wakati wa kupeana amani alikunja mikono yake kwapani. Sauti kubwa zilimtoa nje. Mara nyingine nilimkuta jioni amelala ndani ya bembea ile ya kamba, buti zikining'inia, peke yake, akijisukuma kwa ncha ya mguu. Nilifikiri jambo kuhusu yeye, na sikulisema, na sitalisema hapa.

Alicheka mara chache, na kila mara ni mtoto aliyekuwa amekataa kitu. Mtoto akitupa kikombe, akageuza uso, akamsukuma, Mama Kine alifurahi. "Anakatala! Muone, anakatala! Kuko mutu ndani!"

Alikuja mfanyabiashara mmoja mkubwa, na gari lake, na binti wa miaka mitano aliyekuwa akijiuma mikono. Alitoa bahasha. Ilikuwa malipo ya mwaka mzima, alisema. Dereva atakuwa anamleta mtoto.

"Papa, rudisha ile enveloppe."

"Ni kidogo?"

"Ni mingi. Unanilipa ili usikuje. Lipa ya leo tu, na kesho ukuje na miguu yako."

Papa huyo alihamaki, akaondoka, na baada ya siku tano akarudi. Nilimwona kwa macho yangu ameketi juu ya jiwe, viatu vyake virefu vya ncha vimejaa vumbi jeusi, akichambua maharagwe na binti yake ndani ya beseni. Mikono yao ilikuwa imezama hadi viwiko. Aliniambia, bila mimi kumwuliza, "Jana alinipa moja. Alinipa mukononi." Alikuwa ameliweka mfukoni mwa shati, harage moja jekundu, na aliligusa kila mara kama anayehakikisha funguo zipo.

Sasa ni lazima niseme kosa langu.

Mwaka wa volkano ya mwisho biashara ilikuwa imelala. Wateja walitaka niwapelekee nguo nyumbani, la sivyo waende kwa mwingine. Aline alikuwa amekua. Kumshika mkono njia nzima ilikuwa vita. Nilinunua kamba nyingine. Sikumwambia Mama Kine. Na kwa kuwa fundo jepesi Aline alikwisha kulijua, nilimwomba fundi wa chukudu anionyeshe lile la kufungia mzigo, fundo ambalo mtu akivuta linazidi kukaza. Nililifunga mara nne tu. Ninajua ni nne.

Mara ya nne nilikuwa Keshero, upande mwingine wa mji, nimepeleka kitenge cha arusi, giza ndiyo kwanza linaingia. Watu wakaanza kupiga mayowe uani. Nilitoka nikaona mbingu upande wa volkano, Nyiragongo, zimekuwa nyekundu, nyekundu ya ndani ya tanuri. Barabara ikajaa watu, magodoro kichwani, mbuzi, chukudu zilizopakiwa watoto, wote wanaelekea Sake. Mimi nilikuwa naenda kinyume. "Mama, unaenda wapi? Kule ni moto!" Nilijua fundo lile. Nilijua kwamba mdogo wangu alikuwa anavuta ncha kama alivyofundishwa, na kila akivuta linakaza.

Nilimkuta ameiburuta cherahani, ya chuma, mpaka mlangoni. Ilikuwa imekwama kwenye kizingiti. Hakuwa akilia. Alikuwa amekaa chini na vidole vyake vilikuwa kwenye fundo, vikitafuta ncha ya kuvuta, kwa utaratibu ule ule wa uwanjani, moja, mbili, vuta. Kucha tatu zilikuwa zimetoka. Nilikata kamba kwa mkasi wa kushonea, nikamvika koti lake la mawe, tukakimbia.

Moto haukufika Murara. Tulirudi baada ya wiki, na asubuhi ile ile nilienda kwa Mama Kine na vipande vya kamba ndani ya mfuko. Nilimwambia kila kitu. Nilingojea kelele zake, nilizitaka. Hakupiga kelele. Aliviangalia vidole vya Aline kimoja kimoja bila kuvigusa.

"Ulimufunga na fundo gani?"

Nilimwonyesha.

"Funga tena, polepole."

Nilifunga. Alitazama hadi mwisho, kisha akaniambia, "Leo utashona makoti mawili. Moja ni la kazi. Moja ni juu ya kosa ya mie, sikumufundisha hii." Na siku hiyo hiyo, vidole vikiwa bado vimefungwa bendeji, walianza kujifunza fundo la chukudu. Ilichukua karibu mwaka. Hakunisamehe kwa maneno. Kamba mpya aliisuka kwenye bembea karibu na ile ya kijani, na kila nilipofika niliziona zote mbili.

Baada ya hapo tulipata miaka michache ya kupumua. Aline alikula mwenyewe, alifunga vifungo, alikaa kando yangu akinipa pini moja baada ya nyingine. Hakuwahi kusema. Ziwani hakwenda.

Kisha waasi waliingia mjini. Siku zile za milio mikubwa Aline alijificha chini ya kitanda na alipotoka alikuwa ameacha vitu vingi huko chini. Kijiko alikisahau. Koti alilivua na kulitupa. Benki zilifungwa, watu hawakuwa na pesa ya kununua chumvi, nani atashonesha nguo? Uzio wa Mama Kine ulivunjwa na waporaji. Walichukua mabati, beseni, mbao, na bembea pamoja na kamba zake zote. Hata mnyororo waliuchukua. Nilienda nikakuta msumari.

Na Aline akaanza tena kuyafuata maji. Sasa alikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, mrefu kuliko mimi, mwenye nguvu. Siku moja nilimkuta amefika maji ya kifua. Wanaume wawili walinisaidia kumtoa, na mmoja akasema, "Mama, huyu atakufa tu, umuache apumzike." Alisema kwa huruma. Hilo ndilo lililoniogopesha. Nilikwenda Birere nikanunua kamba ya bluu.

Niliambiwa Mama Kine anaondoka kwa mtumbwi wa injini kwenda kisiwani Idjwi, kwa mtoto wa dada yake. Nilimwahi ufukweni Kituku asubuhi, kati ya mabeseni ya samaki. Nilikuwa nimemshika Aline kifundo cha mkono kwa mikono yangu miwili. Mama Kine alikuwa ameketi juu ya kifurushi, amezeeka ghafula, buti moja imepasuka. Hakuwa akitafuna kitu.

"Umekuja na nini?" aliniuliza.

"Na mutoto."

"Mutoto namuona."

Nilitoa kamba ya bluu mfukoni na kuiweka magotini pake. Nilijua ataichukua. Miaka yote alichukua, na mtu akichukua kamba yako ni lazima akupe kitu kingine cha kushika.

Aliipapasa. "Sina tena mahali pa kuisukia," alisema.

"Mama, niko peke yangu. Nikishona anaenda. Nikilala anaenda. Juzi maji yalifika hapa." Nilimwonyesha kifuani. "Niambie nifanye nini. Nitashona chochote."

Mwenye mtumbwi alikuwa anaita watu wapande. Mama Kine alisimama, akanyoosha kiganja mbele ya Aline, wazi, akangoja, kama alivyofanya na kila mtoto kabla ya kumgusa. Alingoja mpaka mwenye mtumbwi akatukana. Aline aliweka vidole viwili juu ya kile kiganja.

Mama Kine alianza na mimi. Alizungusha kamba kiunoni mwangu na kufunga fundo la chukudu, mgongoni, mahali mkono wangu hauwezi kufika, akalikaza mpaka nikatoa pumzi. Kisha akapima hatua tatu za kamba, akazungusha ncha ya pili kwenye kiuno cha Aline, mbele, na hapo akafunga lile la kwanza kabisa. Lile jepesi. La kuvuta ncha moja.

"Mama Kine, hilo analijua."

"Ndiyo."

"Atalifungua."

"Anaweza," alisema.

Nilimpa nilichokuwa nacho, vitambaa viwili vya kichwa nilivyoshona. Alivipokea, akavitia kwenye kifurushi, akapanda mtumbwi bila kunipa mkono. Hakugeuka. Sijasikia habari zake tangu siku hiyo, na wanaotoka Idjwi wananiambia hawamjui mtu wa jina hilo. Labda kule wanamwita vingine.

Tulipoanza kupanda kurudi Murara, Aline alisimama, akageuka akatazama maji. Vidole vyake vilikwenda kwenye fundo. Nilivisikia kupitia kamba, moja, mbili. Sikuweza kumshika, alikuwa hatua tatu nyuma yangu na nguvu zake nazijua, wala sikuweza kufikia fundo langu. Nilimpa mgongo nikangoja. Wauza samaki walitupita pande zote mbili.

Kisha kamba ikanigusa nyuma ya magoti. Alikuwa amenisogelea, bado amefungwa.

Kila asubuhi ninafunga hivyo hivyo. Jirani hunifunga mimi, kisha mimi ninamfunga Aline lile jepesi. Ninakaa kwenye cherahani nimempa mgongo, maana mwanga uko upande wa mlango, na kwa masikio simsikii kwa kelele ya gurudumu. Ninamsikia kwa kiuno. Kamba ikivutika kidogo, yuko. Ikilegea, sijui kama amesogea karibu au amefungua fundo; ninasimamisha mguu, ninahesabu moja, mbili, na sigeuki mpaka ivutike tena.